Mabango ya Vita na Moyo wa Raia

Bango ni karatasi inayobandikwa mahali pa wazi ili mpita njia aisome kwa nukta chache tu. Wakati wa vita serikali huitwisha karatasi hiyo kazi nzito: kuwatia moyo raia wasioshika silaha, ambao hata hivyo waweza kuangukiwa na mabomu. Je, bango laiweza kazi hiyo? Uingereza ilipoingia vitani mwezi wa Septemba 1939 ilipata jibu ambalo haikulitazamia.

Miezi michache kabla ya vita, maofisa waliokuwa wakiiandaa Wizara ya Habari walitunga mabango matatu. Yote yalikuwa na sura moja: rangi moja iliyokolea, taji la Mfalme George wa Sita juu, na maneno matupu chini yake. Picha haikuwamo. Mojawapo liliwaambia wananchi kwamba ujasiri wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu utatuletea ushindi.

Wakati huo palikuwa na kikundi cha utafiti kiitwacho Mass-Observation, kilichoanzishwa mwaka 1937, ambacho watu wake walisikiliza mazungumzo ya raia mitaani na vilabuni na kuyaandika. Kikundi hicho kiligundua kuwa bango hilo liliwaudhi wengi. Kosa lilikuwa katika viambishi: ujasiri ni *wenu*, lakini ushindi utaletwa *kwetu*. Msomaji wa kawaida alijiuliza hao “sisi” ni akina nani, akahisi kuwa ni wakubwa, na kwamba yeye ndiye wa kutoa jasho. (Mwalimu wa Kiswahili ataona kuwa lugha yetu ingeweza kuliepuka kosa hilo kwa silabi moja tu: ujasiri *wetu*.) Isitoshe, katika miezi ile ya kwanza mabomu hayakuanguka. Kumhimiza mtu awe shujaa ilhali hakuna hatari anayoiona ni kumchosha bure.

Mchoraji Cyril Kenneth Bird, aliyejulikana kwa jina la Fougasse, alishika njia nyingine. Alikuwa askari aliyejeruhiwa vibaya huko Gallipoli mwaka 1915, kisha akawa mchora vikatuni. Kwa maoni yake bango lina vikwazo vitatu: watu hawapendi kusoma matangazo, wakiyasoma hudhani wanaambiwa wengine, na wakikubali kuwa wanaambiwa wao, husahau upesi. Mwaka 1940 alichora mabango manane ya kuonya juu ya maneno ya ovyo. Katika mojawapo wanawake wawili wanapiga soga ndani ya gari la abiria, na nyuma yao wamekaa Hitler na Göring, kimya, masikio wazi. Mtazamaji hucheka kwanza, na onyo humwingia akiwa angali anacheka.

Lile bango la tatu la mwaka 1939 lina habari ya ajabu zaidi. Liliwataka watu watulie na waendelee na shughuli zao. Nakala zipatazo milioni 2.45 zilichapwa, zikawekwa akiba zikingojea mashambulizi makubwa ya ndege. Mashambulizi hayo yalipoanza Septemba 1940, sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imekwisha kusagwa ili karatasi itumike tena. Mwaka 2000 nakala moja ilionekana katika duka la vitabu mjini Alnwick, na tangu hapo maneno yake yameenea katika vikombe na fulana duniani kote. Wengi sasa huamini kuwa ndilo lililowashikilia watu wa London chini ya mabomu, ilhali wengi wa watu hao hawakuliona kamwe.

Jaribio la darasani: Andikeni bango moja kwa namna mbili, moja lenye “wenu” na jingine lenye “wetu”. Kila namna isomwe na kundi lake, bila kundi moja kuiona karatasi ya jingine. Baadaye kila msomaji aulizwe kando: ni nani anayeambiwa, na ni nani atakayefaidika? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kusahihishwa.