Tufani Kuu, na Jinsi Watu wa Pwani Wanavyoingojea



Shule yetu iko mbali na bahari, na wengi wetu hatujapata kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo, katika masomo ya Jiografia ya mwaka huu tumefundishwa habari za tufani, nami nimeona vema kuziandika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya wanafunzi wa zamani wa shule hii wanafanya kazi pwani, na wengine wetu tutakwenda huko tukimaliza masomo. Pili, nimesikia wenzangu wengi wakisema kwamba mtu aliyeonywa kuwa tufani inakuja, akakataa kuhama, akifa amejiua kwa ujinga wake mwenyewe. Neno hilo ni rahisi kulisema ukiwa mlimani. Ningependa tulichunguze pamoja, kisha kila msomaji aamue.

TUFANI NI KITU GANI?

Tufani kuu huzaliwa juu ya bahari ya nchi za joto, mahali ambapo maji yana joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, au zaidi. Hewa yenye mvuke hupanda juu. Mvuke hugeuka mawingu na mvua, na kwa kugeuka huko hutoa joto ambalo huzidi kuipandisha hewa, na nyingine huvutwa kutoka pande zote kushika nafasi yake. Kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja katikati, bali hupinda na kuzunguka. Kaskazini ya Ikweta tufani huzunguka kinyume cha mikono ya saa. Kusini huzunguka kama mikono ya saa. Karibu kabisa na Ikweta mpindo huo ni dhaifu mno. Ndiyo sababu sisi tunaokaa hapa tuna radi na mvua nyingi, lakini hatuna tufani za namna hii.

Jina wanalotumia watu wa Marekani, harikeni, lilitoka katika lugha ya Wataino, wenyeji wa kale wa visiwa vya Karibi. Katika Bahari ya Hindi kitu hichohicho huitwa saikloni. Wataalamu wa Marekani huzigawa tufani zao katika madaraja matano. Daraja la kwanza huanza upepo unapofikia kilometa 119 kwa saa. Kuanzia daraja la tatu, yaani kilometa 178 kwa saa, ndipo huitwa tufani kuu. Daraja la tano huanza kilometa 252 kwa saa.

Katikati ya tufani kuna jicho. Humo upepo hutulia, na pengine jua au nyota huonekana. Mgeni hudhani mambo yamekwisha, akatoka nje kutazama hasara. Baada ya muda mfupi ukuta wa upande wa pili humfikia, na upepo huvuma tena kwa nguvu zilezile, lakini sasa unatoka upande wa pili.

Tena tukumbuke kwamba muuaji mkubwa mara nyingi si upepo, bali ni maji. Upepo huisukuma bahari mbele yake mpaka ikapanda juu ya nchi kavu. Pwani ikiwa tambarare, na bahari ya karibu ikiwa haina kina, maji huweza kupanda mita 4 au 5, hata zaidi. Kwa hiyo watu wa huko hufundishwa kwamba upepo mtu aweza kujificha nao ndani ya nyumba imara, lakini maji ni ya kukimbiwa.

SIKU MBILI ZA KUNGOJA

Katika pwani ya Ghuba ya Meksiko majira ya tufani ni kuanzia tarehe 1 Juni hata 30 Novemba. Kituo cha tufani cha Marekani kilichoko Miami huzifuata tufani kwa setilaiti na kwa ndege zinazoingia mpaka ndani ya jicho. Tufani ikiweza kufika mahali fulani, hutolewa tangazo la kwanza la kuwaambia watu wakae macho, yapata saa 48 kabla ya upepo mkali kuanza. Ikionekana kwamba itafika, hutolewa onyo lenyewe, yapata saa 36 kabla.

Katika muda huo watu hawakai bure. Hupigilia mbao madirishani. Huondoa uani kila kitu kiwezacho kuruka, kama viti, ndoo na vipande vya mabati, kwa maana katika upepo ule bati ni upanga. Hujaza maji katika vyombo vyote. Hununua vyakula vya mikebe, dawa, na betri za tochi na redio. Hujaza petroli katika magari. Wavuvi huzipeleka mashua zao mbali ndani ya mito, wakazifunga kwa kamba nyingi. Hati za nyumba na vyeti hutiwa katika mfuko usiopenya maji. Serikali ikitoa amri, watu wa nchi ya chini huhama; na katika baadhi ya barabara kuu pande zote mbili za njia hugeuzwa kuelekea bara tu, magari yapate kutoka upesi.

Msomaji akisoma hayo ataona kwamba maandalizi yote yanataka kitu fulani: mbao zinataka fedha, kuhama kunataka gari, na kukaa ugenini kunataka mwenyeji wa kukupokea. Basi na tutazame mifano mitatu.

MFANO WA KWANZA: GALVESTON, 1900

Galveston ni mji uliojengwa juu ya kisiwa chembamba cha mchanga katika Texas. Mwaka 1900 ulikuwa mji wa biashara wenye watu karibu 38,000, wala mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita 3 juu ya bahari. Watu wengine walikuwa wametaka ukuta wa kuzuia bahari. Lakini mwaka 1891 mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha mji huo, Isaac Cline, aliandika katika gazeti kwamba ni upuzi kudhani tufani ingeweza kuuangamiza mji. Ukuta haukujengwa.

Kisiwani Kuba kulikuwa na watabiri hodari, na miongoni mwao mapadre Wajesuiti wa chuo cha Belén, mjini Havana, waliokuwa wamechunguza tufani kwa miaka mingi. Lakini wakuu wa idara ya hali ya hewa ya Marekani waliwadharau Wakuba, wakazuia simu zao za habari za tufani. Wao wenyewe walitabiri kwamba tufani ile itageuka kaskazini. Haikugeuka.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1900, bahari ilipanda zaidi ya mita 4 na nusu na kukifunika kisiwa chote. Wanaokisiwa kufa ni kati ya watu 6,000 na 12,000. Katika nyumba ya yatima ya St. Mary's, masista walijifunga kwa kamba za kuanikia nguo pamoja na watoto, ili wasipotezane majini. Masista kumi na watoto tisini walikufa. Wavulana watatu tu waliokoka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Galveston walijenga ukuta hasa, wenye kimo cha mita 5 hivi, na sehemu yake ya kwanza ilimalizika mwaka 1904. Kisha waliinua nyumba zaidi ya 2,000 kwa jeki na kujaza mchanga chini yake, kazi iliyokwisha mwaka 1911. Mwaka 1915 tufani nyingine kubwa ilipofika, mji ulisimama, na waliokufa walikuwa wachache mno kuliko mara ya kwanza.

MFANO WA PILI: NEW ORLEANS, 2005

Hapa hakuna awezaye kusema kwamba onyo lilikosekana. Tufani iliyoitwa Katrina ilionekana mapema, na tarehe 28 Agosti 2005 meya aliamuru mji wote uhamwe. Magari yalijaa barabarani, na watu wa mji na wa wilaya za jirani zaidi ya milioni moja wakaondoka. Lakini makumi ya maelfu walibaki. Wengi hawakuwa na gari. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na mikononi hamkuwa na fedha. Wengine walikuwa na mgonjwa au mzee asiyeweza kusafiri. Wengine, kusema kweli, walikuwa wamezoea maonyo yaliyopita bila jambo, wakadhani hili nalo litapita.

Tarehe 29 Agosti tufani ilifika. Sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya usawa wa bahari, ikilindwa na kingo. Kingo zilivunjika, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Maelfu walikimbilia katika uwanja mkubwa wa michezo uliofunikwa, wakakaa siku kadhaa katika joto na uchafu. Katika nchi zote zilizopigwa walikufa watu zaidi ya 1,300, na wengi wa waliokufa mjini walikuwa wazee.

Basi, mzee asiye na gari, mwenye mke aliye kitandani, ambaye redio imemwambia “Hama!” lakini hakuna aliyefika mlangoni kumchukua, je, amejiua kwa ujinga? Mimi sioni hivyo.

MFANO WA TATU: BANGLADESHI

Tarehe 12 Novemba 1970 saikloni ilipiga nchi ambayo leo ni Bangladeshi. Wanaokisiwa kufa ni watu 300,000 au zaidi. Habari za saikloni zilikuwa zimetangazwa, lakini hazikueleweka vema vijijini, na hata aliyezielewa hakuwa na mahali pa kupanda.

Nchi hiyo ilikuwa maskini, wala haikungoja kwanza itajirike. Mwaka 1972, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, ilianzisha mpango wa watu wa kujitolea. Leo ni zaidi ya 70,000, wanaume kwa wanawake. Saikloni ikikaribia, hupandisha bendera, hupita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti, na huwasaidia wazee na wagonjwa kutoka. Tena yamejengwa majengo ya zege juu ya nguzo ndefu. Mengi yake ni shule siku za kawaida, na ni kimbilio siku ya hatari. Mwezi wa Mei 2020, saikloni kali iitwayo Amphan ilipokuja, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa. Waliokufa Bangladeshi walihesabiwa kwa makumi, si kwa maelfu.

Angalia tofauti hiyo, msomaji. Watu wa pwani ile hawakubadilika kuwa werevu zaidi ya baba zao. Kilichobadilika ni kwamba sasa anayewaonya ni jirani wanayemjua, na anapowaambia wahame, awaonyesha na mahali pa kwenda.

PWANI YA AFRIKA YA MASHARIKI

Mtu asidhani haya ni mambo ya mbali tu. Mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi mno. Mwezi wa Aprili 1952 saikloni ilifika Lindi. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 saikloni Idai iliupiga mji wa Beira katika Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na watu wakakaa siku nyingi juu ya mapaa na miti wakingoja kuokolewa. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya 600. Wiki sita baadaye, saikloni Kenneth ilipiga kaskazini ya nchi hiyohiyo. Na mwezi wa Mei 2024 saikloni Hidaya ilikaribia Mafia, ingawa ilipungua nguvu ilipofika nchi kavu.

Sisi wa bara tuna jambo la namna hiyo katika ziwa letu. Dhoruba za usiku za Ziwa Viktoria huua wavuvi kila mwaka. Idara za hali ya hewa hutoa utabiri, lakini mvuvi anayelala njaa asipovua, wala hana jaketi la kuelea, atausikia utabiri na kuingia ziwani vilevile.

NENO LA MWISHO

Kwa maoni yangu onyo lina miguu mitatu, kama mafiga. La kwanza, lifike kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na kutoka kwa mtu wanayemwamini. La pili, pawe na njia ya kuondoka, hata kwa asiye na fedha wala nguvu. La tatu, pawe na mahali pa kukimbilia. Moja likikosekana, chungu hakikai. Mtu aliyepewa yote matatu akakataa, huyo tumlaumu. Lakini asiyepewa, tusimhukumu. Tuulize kwanza ni nani aliyepaswa kumpa.

Na kwa kuwa hili ni somo, naacha maswali matatu kwa wenzangu wa madarasa ya chini:

1. Kwa nini tufani kuu hazizaliwi karibu kabisa na Ikweta?

2. Galveston walijenga ukuta, Bangladeshi walijenga majengo ya kimbilio na kuwafundisha watu wa kujitolea. Eleza faida na upungufu wa kila njia kwa nchi isiyo na fedha nyingi.

3. Katika kijiji chenu, mafuriko yakitangazwa leo jioni, ni nani asiyeweza kuondoka kwa nguvu zake mwenyewe, na ni nani atakayemchukua? Andika majina yao.