Hesabu ya Siku Yataka Kujifunza

Katika nyumba nyingi za Wakristu hesabu ya siku za mama hufanywa kwa kusikia tu: jirani amemwambia jirani kwamba siku ya kujihadhari ni ya 14, basi. Mimba ikiingia, watu husema njia za asili ni bure. Twaona yafaa tulieleze jambo hili wazi, maana afya ya akina mama imo ndani yake. Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae walau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Azaaye mfululizo hupungukiwa na damu, na mtoto wa mkononi huachishwa ziwa kabla ya wakati.

Kosa liko wapi? Mwaka 1924 mganga wa Japani, Kyusaku Ogino, alionyesha kwamba yai la mama hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi ijayo. Hesabu basi huanzia mbele kurudi nyuma. Mama mwenye mzunguko wa siku 28 hataona tofauti. Lakini mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu siku ya 21, wakati ambapo jirani amekwisha kumwambia aondoe shaka! Tena mbegu ya mume yaweza kuishi mwilini hata siku 5.

Kwa hiyo atakaye kuhesabu na aandike kwanza mizunguko isiyopungua 6. Siku damu ianzapo ndiyo siku ya 1. Katika mzunguko mfupi kuliko yote atoe 18, na katika mrefu kuliko yote atoe 11. Ikiwa mfupi ni 26 na mrefu ni 31, mume na mke wajizuie tangu siku ya 8 hadi ya 20. Ni siku 13. Nasi twasema mume naye ajifunze hesabu hii, kwa kuwa kalenda iliyotundikwa ukutani haimzuii mtu arudiye usiku kutoka pombeni.

Mama ambaye siku zake hubadilika-badilika, kalenda haimfai. Ajifunze kutazama ute, kama walivyofundisha John na Evelyn Billings wa Australia, au apime joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Akipatwa na malaria, joto la siku hizo asilihesabu.

Njia nyinginezo, yaani vidonge, sindano, kitanzi na vijiti, Kanisa haliziruhusu kwa kuzuia mimba; Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alilithibitisha hilo mwaka 1968 katika waraka wa Humanae Vitae. Lakini mama anayepewa vidonge kutibu ugonjwa, waraka huo haumlaumu. Wala hatutaki kulitetea fundisho kwa uongo. Si kweli kwamba vidonge humfanya mwanamke tasa, na ni kweli kwamba vijiti na kitanzi hushindwa mara chache kuliko kalenda. Bali kila dawa ina watu wake. Vidonge vyenye homoni mbili huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Havimfai mwenye presha ya juu, wala mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35, wala mama anyonyeshaye katika majuma 6 ya kwanza. Baada ya sindano, mimba huweza kukawia miezi mingi. Kitanzi cha shaba huweza kuzidisha damu ya hedhi, jambo zito kwa mama mwenye upungufu wa damu. Mama aliyekwisha kuvitumia asimfiche mganga.

Limebaki ziwa la mama, ambalo bibi zetu walilijua zamani. Kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya 98 katika 100, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hanyweshwi wala halishwi kitu kingine, naye hunyonya mchana na usiku, tena hajatimiza miezi 6. Moja likivunjika, kinga imepungua. Kijiko cha kwanza cha uji kikiingia kinywani mwa mtoto, mama na aanze kutazama ute siku hiyo hiyo, asingoje hedhi, kwa sababu yai laweza kuitangulia.