Kuku Majimoto: mashine ya kutotolesha ije mwisho, si mwanzo

Katika kata ya Majimoto, Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, fedha ya mpunga huja kwa msimu. Kaya inayotaka kuiingiza katika mradi wa kuku wa kienyeji hushawishika kununua kwanza mashine ya kutotolesha vifaranga. Hesabu ya biashara inaonyesha vingine.

Tuchukue mfano. Mashine ya mayai 50 inatumia wati 60. Yai hukaa siku 21, yaani saa 504. Kipasha joto kikiwaka muda wote, zitatumika uniti 30 za umeme. Kidhibiti joto hukiwasha na kukizima ili joto libaki nyuzi 37.5, hivyo matumizi hupungua. Hata yakipungua kwa nusu, sola ndogo ya taa na kuchaji simu haitaumudu mzigo huo usiku na mchana.

Tuseme mayai yamegharimu Sh 25,000 na umeme Sh 10,000. Wakifika sokoni kuku 10 tu, kila mmoja amebeba Sh 3,500 kabla ya chakula na bei ya mashine. Wakifika 25, kila mmoja amebeba Sh 1,400. Faida basi inategemea zaidi idadi ya wanaopona kuliko idadi ya wanaototolewa. Kwa hiyo mtaji uanzie hapa:

1. Chanjo. Mdondo unaweza kumaliza banda zima. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida za ugonjwa huo, ingawa nayo huhifadhiwa pabaridi na mbali na jua. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja huchanja kuku wengi, hivyo majirani wakichangia gharama hushuka.

2. Kipimajoto. Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakisongamana, wana baridi. Wakikimbia chanzo cha joto, limezidi. Anayetumia jiko la mkaa aache nafasi ya hewa kupita, maana moshi na gesi yake huua.

3. Tochi ya simu. Siku ya 7, yai humulikwa gizani. Lenye mishipa ya damu hurudishwa. Lililo angavu, bila kitu ndani, huondolewa. Tetea asipoteze siku 14 zaidi juu ya yai lisilo na mbegu.

Mashine inunuliwe pale vifaranga wanaototolewa na matetea wanapopona kwa wingi na bado hawawatoshi wateja, na umeme wa uhakika upo. Anayeinunua kabla ya hapo huongeza idadi ya vifaranga watakaokufa, na fedha ya mpunga hufa pamoja nao.