Jinsi ya Kusoma Saa za Safari ya Ndege: Nairobi hadi New York

Kuna wasafiri wanaokosa ndege ilhali walitoka nyumbani mapema. Kosa huwa ni kusoma tiketi vibaya. Somo hili linatumia safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, iliyoanza Oktoba 28, 2018.

Umbali na muda

Umbali kati ya miji hii ni takriban kilomita 11,800. Kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi, na kurudi saa 14 hivi. Tofauti hiyo huletwa na upepo mkali wa juu angani unaovuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege inayokwenda Marekani hupambana nao. Inayorudi husukumwa nao.

Tofauti ya saa

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa 7. Kenya haibadilishi saa.

Mfano wa Januari

Tiketi huonyesha saa za mji ambako ndege iko.

Kwenda: ndege ikiondoka Nairobi 23:00 (saa tano usiku) tarehe 9, ongeza saa 15. Nairobi itakuwa 14:00 tarehe 10. Ondoa 8: New York ni 06:00, saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye tiketi safari huonekana ya saa 7 tu.

Kurudi: ikiondoka New York 12:00 (saa sita mchana) tarehe 20, ongeza saa 14, kisha ongeza 8. Itatua Nairobi 10:00, saa nne asubuhi, tarehe 21. Anayekuja kumpokea mgeni asifike tarehe 20.

Jihadhari na saa sita usiku

Tarehe mpya huanza 00:00. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 10, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10. Msafiri anapaswa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 9. Akienda jioni ya tarehe 10, ndege itakuwa imeshatua New York.

Kabla ya kusafiri

- Anayetumia dawa kwa saa maalum amuulize daktari jinsi ya kuzigawa safarini.
- Ndani ya ndege, kunywa maji, simama na unyooshe miguu mara kwa mara. Kukaa muda mrefu bila kusogea kunaweza kusababisha damu kuganda miguuni.
- Tiketi ikikutatiza, mwombe aliyekuuzia akueleze tarehe na saa kabla ya siku ya safari.