Mpangaji Mpya, Mkataba na Amana: Somo kwa Wenye Vyumba vya Kupangisha Mpakani

Katika miji ya mpakani kama vile Busia, Malaba na Mutukula, vyumba viwili au vitatu vya kupangisha ni shamba la familia. Ndivyo vinavyolipa karo za watoto na ndivyo vinavyomtunza mjane. Wanaovipanga ni madereva wa malori, wafanyabiashara wa nafaka na nguo, mawakala wa forodha, na ndugu waliokimbia vita nchini Kongo. Wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki. Hata hivyo, ni wageni kijijini, na pengine kesho watakuwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Ndiyo sababu makubaliano ya mdomo, yaliyotosha zama ambapo kila mtu alimfahamu babu wa mwenzake, hayatoshi tena.

Sisi polisi hukutana na mambo haya yakiwa yamekwisha kuharibika: mlango umeng'olewa, godoro limetupwa mvuani, mtu amepigwa, na chanzo chake ni amana ya mwezi mmoja. Katika somo hili tunaeleza jinsi mwenye nyumba mdogo nchini Uganda anavyoweza kujikinga mapema, yeye pamoja na mpangaji wake.

1. Mfahamu mtu kabla ya kumpa ufunguo

Omba kitambulisho na ukikague mbele ya mwenyewe. Raia wa Uganda ana kitambulisho cha taifa. Mgeni kutoka nchi jirani ana pasipoti au hati aliyoingia nayo nchini. Mkimbizi ana kitambulisho cha mkimbizi. Linganisha picha na uso, kisha uandike jina, namba ya hati, namba ya simu, kazi anayofanya, na jina la ndugu wa kuarifiwa ikitokea dharura. Hii ya mwisho husahauliwa sana, lakini mpangaji anapougua usiku ndiyo inayotafutwa kwanza.

Usikishikilie kitambulisho cha mtu kama rehani ya kodi. Hati hiyo si mali yako, na kumnyima ni kumzuia asivuke mpaka wala asipate huduma. Nakala inatosha. Vilevile, mpeleke mpangaji mpya kwa mwenyekiti wa LC1 aandikwe katika daftari la kijiji. Hatua hiyo si ya kumtilia shaka. Inampa mgeni ujirani, nayo inakukinga siku utakapoulizwa ni nani aliyelala nyumbani kwako.

Tunasisitiza kwamba uraia au kabila la mtu si kosa. Kinachotazamwa ni hati zake, mwenendo wake na uwezo wake wa kulipa.

2. Andika mkataba

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe katika maandishi. Hata pale ambapo kiasi hakifiki hapo, tunashauri uandikwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Uwe na majina na namba za vitambulisho vya pande zote mbili, chumba kinachopangishwa, siku ya kuanza, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, kiasi cha amana na masharti ya kuirudisha, nani anayelipa maji, umeme na taka, na muda wa notisi kwa anayetaka kuhama au kurudishiwa chumba chake. Kila upande utie sahihi na ubaki na nakala yake, mbele ya shahidi. Iwapo mpangaji hasomi lugha iliyotumika, asomewe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Jambo la kukumbuka pia ni kwamba sheria hiyo haimruhusu mwenye nyumba kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

3. Amana si kodi, wala si zawadi

Amana ni fedha ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwako. Huwa yako pale tu ambapo ameacha deni au uharibifu, tena kwa kiasi cha deni au uharibifu huo. Basi itenge, uiandikie stakabadhi yake peke yake, isichanganywe na stakabadhi ya kodi.

Siku ya kuingia, zungukeni chumba pamoja. Andikeni hali ya kitasa, vioo, taa, bomba, dari na rangi ya ukuta, na mpige picha kwa simu. Siku ya kuhama, zungukeni tena na orodha ileile mkononi.

Tuchukue mfano. Kodi ni shilingi 150,000 na amana ni 150,000. Mpangaji anahama akiwa ameacha bili ya maji ya 15,000 na kitasa kilichovunjika, ambacho kukibadilisha kunagharimu 25,000. Jumla ni 40,000. Mwenye nyumba anamwonyesha bili na risiti ya kitasa, kisha anamrudishia 110,000. Rangi iliyofifia kwa kukaa miaka 2 si uharibifu; huo ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake ni ya mwenye nyumba.

Wenye nyumba wengi huuliza, "Je, mpangaji anaweza kusema amana iwe kodi ya mwezi wa mwisho?" Hilo hutegemea mkataba. Msipoliandika, kila mmoja atadai lililo jema kwake.

4. Tajeni sarafu

Mpakani shilingi ni nyingi. Neno "shilingi" bila jina la nchi limezaa ugomvi usio wa lazima. Sheria inataka kodi itajwe na kulipwa kwa shilingi za Uganda, isipokuwa pande zote zikikubaliana vinginevyo. Ikiwa mpangaji ametoa amana kwa shilingi za Kenya au za Tanzania, andikeni kiasi alichotoa, thamani yake kwa siku hiyo, na sarafu itakayotumika kuirudisha. Thamani ya fedha hupanda na kushuka, maandishi hayabadiliki.

5. Mpangaji akishindwa kulipa

Anza kwa mazungumzo, na mkikubaliana kuhusu malipo kwa awamu, andikeni. Mkishindwa, mwiteni mwenyekiti wa LC1 awapatanishe. Njia hiyo ikishindikana, mlango uliobaki ni mahakama.

Kumwondoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa. Kung'oa mlango, kuezua bati au kufunga chumba kwa kufuli jipya huku vitu vya mtu vikiwa ndani humgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Hatuwezi kutumwa kumfukuza mpangaji kwa sababu ya deni; kudai kodi ni shauri la madai. Mahakama ikitoa amri, tutakuwapo kulinda amani wakati inapotekelezwa.

6. Hadhari kwa wapangaji

Pana matapeli wanaoonyesha chumba kisicho chao, wanapokea amana na kutoweka. Usitume fedha kwa simu kabla ya kukiona chumba na kuonana na mwenyewe. Waulize majirani na mwenyekiti wa LC1 iwapo huyo ndiye mwenye nyumba au ni wakala aliyetumwa naye kweli. Ukilipa, dai stakabadhi. Ukitapeliwa, hilo ni kosa la jinai: hifadhi ujumbe wa malipo na namba ya simu, ufike kituo cha polisi kilicho karibu mara moja, kabla mhusika hajavuka mpaka. Kwa dharura, piga 999 au 112 bila malipo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Je, kila mwenye vyumba katika kijiji chetu ana daftari la wapangaji, na lilihakikiwa lini?
2. Mpangaji anayetoka nchi jirani anapata wapi msaada wa kusomewa mkataba?
3. Mwenye nyumba aliyekwisha kutumia amana ya mpangaji afanye nini mpangaji anapotoa notisi?

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji walisome somo hili mbele ya wananchi. Penye maandishi na stakabadhi, mgeni na mwenyeji huagana kwa kupeana mikono, na siku mgeni arudipo mjini hujua pa kubisha hodi.