Kujitegemea kwa asiyeona: adhana, simu na fimbo



Swahaba Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na ndiye aliyeadhini alfajiri Madina. Imepokewa kuwa hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kumekucha. Tazameni jambo hili: alihitaji jicho la mwingine kujua wakati, na waliofunga walimhitaji yeye wajue wakati wa kuacha kula. Mimi nisiyeona ninaisoma habari hii kama somo la kujitegemea.

Leo wakati naambiwa na simu. TalkBack hunitamkia kila ninachogusa kwenye kioo. Kwenye kompyuta natumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia. James Teh akajiunga naye baadaye, na wote wawili hawaoni. Programu za namna hii zilizokuwa zikiuzwa, bei yake ilimshinda mzazi wa kawaida.

Kilichobadilika zaidi kwangu ni siri. Matokeo ya mtihani, ujumbe wa mama kuhusu karo, salio la pesa kwenye simu, vyote vilikuwa vikipita kwanza machoni pa mwenzangu wa chumba. Alikuwa mwaminifu, Allah amlipe. Lakini namba ya siri unayoingiziwa na mtu si siri tena.

Simu ina mipaka yake. Hapa Kampala haikuambii kwamba mfereji ulio mbele hauna mfuniko. Fimbo nyeupe ndiyo inayojua. Wala sauti haikufundishi tahajia. Kiarabu nimekijua herufi kwa herufi kwa kidole, kwa nukta nundu, ambazo (wenzangu hawaamini) husomwa kutoka kushoto kwenda kulia hata katika Msahafu.

Kisha kuna picha. Maandishi ya mhadhara yakipigwa picha na kutumwa kwenye kundi, mara nyingi simu yangu husema tu "picha". Basi ndugu unayeandaa darsa, kabla ya kutuma, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Lisipochagulika, huenda nami nisilisome. Na bango la Ijumaa liambatane na maneno yaliyochapwa.

Ukinikuta mlangoni mwa msikiti, niulize kwanza kabla ya kunishika mkono. Siku za mvua, aghalabu nitakubali.