Joto lililoipika Usambara: maswali na majibu

Miamba inayochomoza kandokando ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto ilipikwa chini kabisa ya ganda la dunia, takriban miaka milioni 640 iliyopita. Mtaalamu wetu wa miamba anajibu maswali ya wasomaji kuhusu joto hilo.

Ukichimba chini, joto huongezeka kwa kiasi gani?

Barani, kwa kawaida ni nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita, ila mahali na mahali hutofautiana mno. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, karibu kilomita 4 chini, mwamba una nyuzi sitini na kitu tu, kwa sababu ganda la pale ni kongwe na limepoa. Olkaria, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya, visima vifupi kuliko mgodi huo hukuta joto linalozidi nyuzi 250.

Joto lenyewe linatoka wapi?

Sehemu yake ni masalia ya kuumbika kwa dunia, na hupanda kutoka kwenye koti lililo chini ya ganda. Sehemu nyingine huzalishwa ndani ya ganda, pale urani, thoriamu na potasiamu zinapooza kinururishi. Elementi hizo zimejaa zaidi tabaka za juu, hivyo kadiri unavyoshuka, joto huongezeka kwa kasi ndogo. Katika kina cha kilomita 35, ganda la kawaida lina nyuzi 500 au 600 hivi.

Mbona basi miamba ya Usambara ilifika nyuzi 800 na zaidi?

Kuzikwa peke yake kusingetosha. Ama ganda lilinenepa mabara yalipogongana, likajipasha lenyewe kwa mamilioni ya miaka, ama magma ilipanda kutoka kwenye koti ikaleta joto lake. Ushahidi umo ndani ya jiwe. Likatwe liwe jembamba hadi lipitishe mwanga, kisha litazamwe kwa hadubini: pale pairoksini inapopakana na feldispa, chembe ndogo za ganeti zimejipanga kama pete. Pete hizo huota mwamba unapopoa ukiwa bado kule kule chini, umebanwa. Ganda lililonenepa kwa kawaida huinuka likiwa bado na moto. Kwa hiyo mimi naiegemea magma.

Mwamba hugeukaje bila kuyeyuka?

Udongo wa mfinyanzi ukichomwa huwa chungu, na haukuyeyuka. Mwamba nao madini yake hujipanga upya ungali mgumu. Joto likikaribia nyuzi 800, ulanga huvunjika na kuachia maji yake, na mahali pake huota ganeti au pairoksini. Kiasi fulani cha mwamba huyeyuka kweli na kuondoka na maji hayo. Kinachobaki ni granulaiti, jiwe kavu na gumu sana.

Je, tunaweza kuchimba jotoardhi Usambara?

Joto lile limekwisha. Mwamba hupitisha joto polepole: kuvuka kilomita 1 huchukua kama miaka 30,000, na kuvuka kilomita 10 kama milioni 3. Miaka milioni 640 imetosha kabisa kulimaliza. Jotoardhi litafutwe kwenye Bonde la Ufa, ambako ganda linapasuka sasa hivi.

Lilituachia nini?

Lilituachia kinywe, ambacho ni mabaki ya viumbe katika matope ya bahari ya kale yaliyopikwa yakabakia kaboni tupu. Ndani ya miamba hiyo hiyo ya kinywe, kule Mererani wilayani Simanjiro, kuna tanzanaiti. Yenyewe ilikuja baadaye, miamba ikiwa inapoa na maji ya moto yakipita kwenye nyufa, na vanadi ndiyo iliyoipa ubuluu wake. Mchimbaji anayejua historia hiyo hufuata kinywe na nyufa zake, wala hachimbi kwa kubahatisha. Ndiyo maana nataka somo hili lifike machimboni, lisiishie vyuoni.